Gundi ya mpingo na mninga: mstari mweupe na pembe zinazoachia

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni seremala wa Morogoro, na kwa mwaka mmoja sasa ninatengeneza visanduku vya vito na sinia ndogo kwa mabaki ya mpingo na mninga ninayonunua kwa wachongaji. Ninatumia gundi nyeupe ya kawaida ya mbao. Kwenye mpingo kila kiungo kinaacha mstari mweupe, na vanishi inauzidisha badala ya kuuficha. Mbaya zaidi, visanduku vitatu nilivyompelekea mteja Dodoma vimeachia kwenye pembe kabla ya miezi miwili kuisha. Wenzangu wengine wananiambia nihamie kwenye supa gluu, wengine wanasema araldite. Nitumie gundi gani?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza swali moja, lakini una matatizo mawili ambayo chanzo chake si kimoja. Mstari mweupe unatokana na namna mbao zinavyokutana na namna gundi inavyosafishwa. Pembe zinazoachia zinatokana na mafuta ya mpingo, unyevu wa mbao na aina ya kiungo ulichochagua. Aina ya gundi ninaiweka mwishoni mwa orodha ya washukiwa, ingawa nitakujibu pia kuhusu hiyo, kwa kuwa ndiyo uliyoiulizia.

Kabla hujanunua kopo lolote jipya, mwombe mteja wako akurudishie visanduku, kisha uzitazame pembe zilizoachia kwenye mwanga wa jua, ikiwezekana kwa lenzi ya mkono, kwa sababu kiungo kilichoachia hubeba ushahidi wake chenyewe. Ukikuta gundi yote imebaki upande wa mninga, na upande wa mpingo ni safi, unang'aa kana kwamba haujawahi kupakwa kitu, ujue gundi haikuushika mpingo tangu mwanzo. Ukikuta gundi pande zote mbili, na juu yake zimebaki alama za brashi au vitone vya mviringo vilivyokauka, ujue nyuso hizo hazikugusana vizuri: ama gundi ilianza kukauka kabla hujabana, ama ulibana kwa nguvu ndogo. Ukikuta gundi imeshika barabara lakini mbao yenyewe imepasuka kando ya kiungo, au nyuzi za mninga zimeng'oka na kubaki upande wa pili, basi gundi ilifanya kazi yake na mbao ndizo zilizovutana. Kwa maelezo yako ninatarajia utakuta hali ya kwanza na ya tatu, pengine katika kisanduku kimoja.

Tuanze na hali ya kwanza. Mita moja ya ujazo ya mpingo mkavu ina uzito wa takribani kilo 1,200, ndiyo maana kipande chake huzama majini, ilhali mninga huwa na kama nusu ya uzito huo. Gundi nyeupe, ambayo kwenye lebo huandikwa PVA, ni chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea ndani ya maji, nayo hushika kadiri inavyopoteza maji hayo, ambayo sehemu yake huingia ndani ya mbao na sehemu hutoka hewani. Mninga una vinyweleo vikubwa na huyanywa maji upesi. Mpingo karibu hauyanywi, kwa hiyo gundi ile ile ambayo kwenye mninga unaweza kuifungulia klampu baada ya saa moja inahitaji kuachwa imebanwa usiku kucha inapounganisha mpingo kwa mpingo. Juu ya hayo, mpingo una mafuta ya asili ambayo husogea polepole kutoka ndani na kuja juu ya uso uliokatwa. Uso uliorandwa leo asubuhi na uso uliorandwa wiki iliyopita huonekana sawa machoni, lakini kwa gundi ni vitu viwili tofauti. Mtiki una tabia hiyo hiyo, na mafundi wanaotengeneza meza za nje wanaifahamu.

Unaweza kuuthibitisha ukweli huu kwa tone la maji. Dondosha tone moja kwenye kipande cha mpingo kilichokaa karakanani kwa muda mrefu na jingine kwenye uso uliotoka kuupiga randa sasa hivi. Tone likikaa juu kama shanga, uso huo utaikataa gundi pia. Likitandaa, uso uko tayari. Kwa hiyo kanuni yangu kwa mpingo ni kwamba ukishaukata au kuuranda uso wa kiungo, uupake gundi ndani ya saa moja, na kama kazi imelazwa hadi kesho, uurande tena hata kama haukuguswa na mtu. Randa lazima iwe kali sana, kwa sababu randa butu huuponda uso na kuung'arisha badala ya kuukata. Ikiwa nyuzi za kipande chako zimepindapinda na randa inaking'oa, tandika msasa namba 100 au 120 juu ya kioo kinene au ubao ulionyooka na usugue kipande juu yake, kisha uondoe vumbi lote kwa brashi kavu. Msasa laini, kwa mfano namba 320, uuache kwa ajili ya vanishi.

Mafundi wengi hufuta mpingo kwa asetoni kabla ya kupaka gundi, nami hufanya hivyo pia, ila kama nyongeza ya kuranda, si badala yake. Lowesha kitambaa cheupe kisicho na rangi, futa, tazama weusi unaobaki kwenye kitambaa, geuza upande safi na ufute tena hadi weusi upungue, kisha subiri dakika chache asetoni yote iruke. Usitumie kile kimiminika cha kutolea rangi ya kucha kinachouzwa madukani, kwa kuwa nyingi za chupa hizo huongezwa mafuta na manukato, nawe utakuwa unarudisha kile ulichokusudia kukiondoa. Asetoni hushika moto kwa mbali, kwa hiyo isiwepo sigara wala jiko la mkaa karibu.

Hapo niweke neno kuhusu mabaki unayonunua kwa wachongaji. Wachongaji wengi hupenda kuuchonga mpingo ungali mbichi, kwa kuwa hukubali patasi kirahisi, na kazi iliyokwisha huipaka nta au rangi ya viatu ili ing'ae. Kipande kilichopakwa nta hakitashika gundi yoyote duniani mpaka uondoe uso wote uliopakwa. Tena si kila kipande cheusi ni mpingo: kwaruza kona moja kwa kisu, na ukikuta ndani ni mbao nyeupe, umeuziwa mti mwingine uliopakwa rangi. Ila usiudhanie kuwa wa bandia mpingo wenye ukingo wa manjano hafifu upande mmoja. Hiyo ni sehemu changa ya mti inayozunguka moyo mweusi, na katika mabaki hupatikana sana. Niliwahi kuhangaika na "mstari wa gundi" kwa nusu siku kabla sijagundua kwamba ulikuwa ukanda mwembamba wa mbao changa, nao haukuwa na dawa.

Sasa hali ya tatu, ya mbao kuvutana. Mbao haiachi kamwe kunywa na kutoa unyevu. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kama ya pwani wakati wa mvua, mbao hutulia ikiwa na maji ya karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Katika hewa ya asilimia 40 hutulia kati ya asilimia 7 na 8. Kisanduku kilichotengenezwa Morogoro kwa mbao zilizokuwa hazijakauka vizuri, kikapelekwa Dodoma wakati wa kiangazi na kuwekwa ndani ya nyumba, lazima kisinyae. Mbao husinyaa upana na unene, lakini kwa urefu wa nyuzi zake karibu haibadiliki kabisa, na tofauti hiyo ndiyo inayovunja viungo. Ninashuku sana kwamba sakafu ya visanduku vyako ni mbao ngumu uliyoigandisha kwa gundi pande zote nne. Sakafu hiyo inaposinyaa huvuta kuta mbili kuelekea ndani na kuziacha nyingine mbili zilipo, na pembe zisizo na nguvu ndizo zinazolipa gharama. Ichimbie mfereji kwenye kuta, uiweke sakafu ndani yake bila gundi yoyote, au kwa tone moja tu katikati ya kila upande wa mwisho wa nyuzi, na uiachie nafasi ya milimita moja au zaidi kila upande inakotanuka. Au tumia plaiwudi iliyovikwa kitambaa. Hakuna mteja aliyewahi kunirudishia kisanduku kwa sababu hiyo.

Kuhusu ukavu, kama huna kipima unyevu, nunua mzani mdogo wa jikoni. Andika uzito wa kila kipande kwa penseli pamoja na tarehe, upime kila wiki, na usikitumie kipande hadi uzito wake uache kushuka kwa wiki tatu mfululizo. Mpingo hukauka polepole mno, na kipande kinene kinaweza kuhitaji mwaka au zaidi; kwa hiyo upasue kwanza kwa unene wa karibu na ule utakaoutumia, upake nta kwenye ncha zake ili zisipasuke, na uupange kivulini penye hewa.

Pembe zenyewe, kama umezikata kwa nyuzi 45, ni dhaifu kwa asili. Hapo unaunganisha karibu ncha kwa ncha, na ncha ya mbao ni kama kifurushi cha mirija: hunyonya gundi na kuacha kiungo kikavu. Kwenye mninga, paka kwanza tabaka jembamba la gundi kwenye ncha, subiri dakika 5 linyonywe, ndipo upake tabaka la pili na kubana. Baada ya kukauka, pitisha msumeno mwembamba kwenye kona kwa nje, ukate mikato miwili au mitatu, na ugandishe ndani yake vipande vyembamba vya mbao ambavyo nyuzi zake zinavuka kiungo. Kwenye kisanduku cha mpingo, vipande hivyo ukivikata kwa mninga vinakuwa pambo, na kiungo kinapata nguvu ambayo hakuna gundi peke yake ingeweza kukipa.

Turudi kwenye mstari mweupe. Gundi ya PVA ikikauka huwa angavu au ya manjano hafifu, na kiungo kilichobana vizuri huwa na gundi isiyozidi unene wa karatasi, ambayo jicho haliioni hata kwenye mpingo. Mstari ukionekana, maana yake ya kwanza ni kwamba kuna mwanya. Ziweke mbao mbili pamoja zikiwa kavu, zishike mbele ya dirisha, na popote unapoona mwanga ukipita, hapo ndipo mstari wako utakapokuwa. Maana ya pili ni kwamba umeifuta gundi kwa kitambaa kibichi ikiwa bado maji. Mimi mwenyewe niliwahi kuharibu sinia nzima ya mninga kwa njia hiyo: kitambaa kiliisukuma gundi iliyoyeyuka hadi ndani ya vinyweleo, haikuonekana mpaka vanishi ilipopita, na mabaka meupe yakajitokeza kuzunguka kila kiungo kwa sababu vanishi haikuweza kupenya palipokuwa na gundi. Tangu siku hiyo sifuti. Ninasubiri hadi gundi iliyotoka igeuke kuwa kama jibini laini, kama nusu saa hivi na kwenye mpingo zaidi, kisha ninaiondoa yote kwa ncha ya patasi. Kwa ndani ya kisanduku, ambako patasi haifiki vizuri, paka vanishi kuta kabla ya kuziunganisha, ukizibandika nyuso za viungo utepe wa karatasi ili zibaki wazi.

Mwanya ukishaisha, ndipo rangi ya gundi inapostahili kuzungumzwa. Zipo gundi za PVA zinazotengenezwa na rangi ya kahawia iliyokolea kwa ajili ya mbao nyeusi; chapa ya Titebond, kwa mfano, inayo moja. Usipoipata, unaweza kuitia rangi gundi yako mwenyewe kwa rangi ya mbao inayoyeyuka kwa maji, matone machache tu kwenye kifuniko kimoja cha gundi, kwa sababu kila unachoongeza kinapunguza nguvu. Usitumie rangi za mafuta ndani ya PVA. Na usichanganye unga mwingi wa mbao ukidhani unatengeneza gundi nyeusi, maana unga huo huzuia nyuso mbili zisikaribiane, nawe utakuwa umeutengeneza mwanya uliokuwa unaukimbia. Unga ni wa kuzibia, si wa kuungia.

Kwa hiyo, kwa mninga kwa mninga, na kwa mpingo kwa mninga uliotayarishwa kama nilivyoeleza, endelea na PVA, lakini nunua iliyoandikwa D3 kwenye chupa. Vipimo vya Ulaya hupanga gundi hizi kutoka D1 hadi D4 kulingana na uwezo wake wa kuvumilia maji, na D3 inatosha kabisa kwa kitu cha ndani ya nyumba kinachopanguswa kwa kitambaa kibichi. Inunue kwenye chupa iliyofungwa, si ile inayopimwa kutoka kwenye pipa, ambayo huwezi kujua imeongezwa maji kiasi gani. Paka nyuso zote mbili, na ubane kabla ya dakika 5 kuisha, kwa maana joto letu halitoi nafasi zaidi. Kwa mbao ngumu nguvu inayopendekezwa ni kilo 12 hadi 17 kwa kila sentimita ya mraba, ambayo ni nyingi kuliko mikono ya mtu. Kwa visanduku vidogo, utepe uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, ukauvuta na kuuzungusha mara kumi au zaidi, hubana pembe zote nne kwa usawa kuliko klampu nyingi.

Kwa mpingo kwa mpingo ninachagua epoksi, ambayo ndiyo wenzako wanaita araldite. Haihitaji kupoteza maji, hujaza mwanya mdogo bila kudhoofika, na inakubali weusi vizuri sana: masizi kidogo au unga laini wa mkaa huigeuza kuwa nyeusi kama mpingo wenyewe. Chukua ya kukauka polepole, ya saa kadhaa, si ile ya dakika 5, ambayo ni dhaifu zaidi na haipendi unyevu. Pima sehemu zake mbili, utomvu na kigandishi, kama maelekezo yanavyosema. Kuongeza kigandishi ili iwahi kukauka huiacha laini milele. Changanya kidogo kidogo, kwa sababu ikikaa nyingi ndani ya kikombe hujipasha joto yenyewe na kuganda, na siku ya jua kali muda wako hupungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Usibane kwa nguvu kama PVA, kwa kuwa utaikamua yote itoke. Bana hadi nyuso zikutane tu. Kasoro yake kubwa ni joto: epoksi nyingi za kawaida huanza kulainika kati ya nyuzi 50 na 60. Kisu changu chenye mpini wa mpingo kililegea baada ya kuachwa ndani ya gari lililokuwa juani. Vaa glavu, maana ngozi ikishaichukia epoksi haiizoei tena.

Supa gluu ina mahali pake, napo si kwenye pembe. Hukauka ikiwa ngumu lakini haina mnyumbuko, kwa hiyo mbao zinapovutana huvunjika kama kioo. Ila kwa nyufa za mpingo sijaona mfano wake. Jaza ufa kwa unga wa mpingo huo huo, dondosha supa gluu nyepesi iingie yenyewe, subiri, kisha piga msasa. Mafundi wanaotengeneza upya klarineti na obo, ala za muziki za kupulizwa ambazo miili yake ni mpingo uliotoka kwetu, hufanya hivyo hivyo. Fungua dirisha, kwa maana mvuke wake huwasha macho na pia huacha ukungu mweupe juu ya mbao nyeusi. Isiguse pamba, kwani hupata joto la kuunguza. Na uvae barakoa kila unaposugua mpingo, kwa sababu vumbi lake huwasha ngozi na kifua.

Gundi ya poliurethani hutoa povu la manjano hafifu ambalo kwenye mpingo linaonekana kuliko hata mstari wako wa sasa. Ya fundi viatu inateleza polepole ikibebeshwa mzigo. Ziache zote mbili.

Visanduku vitatu vikirudi, usipake gundi mpya juu ya ya zamani, kwa kuwa PVA haishiki PVA iliyokwisha kukauka. Vifungue kabisa; pale palipobaki imara, siki ya moto iliyowekwa kwa kitambaa hulainisha gundi baada ya dakika kadhaa. Kwaruza, suuza kidogo, uviache vikauke siku mbili au tatu, kisha urande upya kila uso wa nyuzi 45. Kuta zitafupika kidogo, kwa hiyo punguza na sakafu, safari hii bila kuigandisha. Unganisha, weka vipande vya mninga kwenye kona, na uviache wiki mbili ndani ya chumba kikavu kuliko vyote ulivyo navyo. Pembe itakayofunguka hapo, uitengeneze kabla hujakatia mzigo tiketi ya Dodoma.